Mwalimu wa Shule ya Msingi na Masomo ya Haki Jinai

Kila mwaka, wanachuo wanapokaribia kumaliza mafunzo yao, huja ofisini kwetu mmoja au wawili na kuuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanauliza jambo la aibu: je, mwalimu wa shule ya msingi aweza kuendelea na masomo ya sheria? Wengine hawasemi sheria. Husema "haki jinai", neno lililozoeleka masikioni mwa watu tangu mwaka 2023, Rais alipounda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuangalia namna ya kuboresha kazi za polisi, magereza, waendesha mashtaka na vyombo vingine vya aina hiyo. Katika vyumba vya walimu, tangu Nachingwea mjini hadi shule za ndani kabisa za Ruangwa, swali hilo lina jibu moja tu: huyo anakimbia chaki.

Sisi hatukubaliani na jibu hilo. Lakini hatukubaliani pia na wengi wa wale wanaokwenda, kwa sababu huenda wakitafuta jina la "mwanasheria" na kuiacha nyuma ile sehemu ya masomo hayo ambayo mwalimu anaihitaji kuliko hakimu.

Njia zenyewe si siri, nasi hatutazikawilia. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, hufundisha astashahada ya sheria kwa mwaka mmoja na stashahada kwa miaka miwili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, humwezesha mtu kusoma sheria akiwa bado kazini, mradi awe na moyo wa kukesha. Askari polisi wana shule yao Moshi na askari magereza wana chuo chao Kiwira, ila huko huingia yule aliyekwisha kupokelewa na jeshi. Aliye mtumishi wa umma huomba kwanza ruhusa ya mwajiri wake. Hayo yatosha, mengine mwanachuo atayapata kwa kuandika barua.

Yatupasa sasa kueleza kisa kimoja, nacho si cha mtu mwingine bali ni chetu.

Tulipokuwa walimu wapya, zaidi ya miaka kumi iliyopita, tulipangwa katika shule iliyokuwa na shamba lake la mikorosho. Asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba, debe moja la korosho ghafi halikuonekana stoo. Tulikuwa mwalimu wa zamu. Tuliwapanga watoto mstarini, tukapita tukiwaangalia mmoja mmoja, na tukamwona mvulana wa darasa la tano ambaye shati lake lilikuwa na madoa ya mabibo kifuani na mikononi. Isitoshe, alikuwa amechelewa, na tulipomtazama aliinamisha macho. Tulimtoa mbele. Mwalimu mkuu alitoa kibali, fimbo nne zikahesabiwa, na katika kitabu cha adhabu tukaandika jina lake, tarehe, idadi ya fimbo, na katika safu ya kosa neno moja: wizi.

Siku ya tatu mwalimu wa elimu ya kujitegemea alirudi kutoka safari ya matibabu. Akasema kwamba lile debe alilihamishia kwenye chumba cha pili siku ya Ijumaa kwa kuwa bati la stoo lilikuwa linavuja. Tulikwenda, tukalikuta.

Msomaji aliyekulia wilaya hizi ameshaona upungufu wa ushahidi wetu. Mwezi wa Oktoba, mtoto gani wa Nachingwea au Ruangwa hana madoa ya mabibo? Nusu ya mstari ule ilikuwa nayo. Lakini jambo lililotuumiza halikuwa hilo. Tulipomwita mvulana yule na kumwambia kwamba tumekosea, alijibu kwa heshima, bila hasira: "Mwalimu, hukuniuliza." Na ni kweli. Tangu mstarini mpaka fimbo ya nne hakuna aliyemwuliza hata swali moja.

Siku iliyofuata alikuja bibi yake. Tulijiandaa kwa ugomvi, lakini hakuja kugomba. Alikaa kwenye benchi, akasalimia vizuri, kisha akauliza: "Mwalimu, mmemwandika kitabuni kuwa mwizi?" Tukasema ndiyo. "Sasa mtamfuta?" Tukafungua kitabu. Kilikuwa na safu ya jina, ya kosa, ya idadi ya fimbo, ya saini ya aliyechapa na ya mwalimu mkuu. Safu ya kusahihisha hukumu iliyokosewa haikuwamo. Mwishowe tuliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mtoto hakuiba, tukatia saini. Bibi yule hakujua kusoma, akaomba asomewe mara mbili.

Miaka kadhaa baadaye mwenzetu mmoja aliyekuwa akifundisha Ruangwa alipata ruhusa akaenda kusoma stashahada ya sheria. Alipokuja likizo tulimwuliza amejifunza nini, tukitarajia vifungu na majina ya kesi. Alitutolea daftari lenye safu mbili. Upande mmoja aliandika maneno ya Kiingereza aliyofundishiwa, upande wa pili maneno yake mwenyewe ya Kiswahili. Masomo hayo hufundishwa kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama ya mwanzo tangu zamani, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Mwenzetu alisema kwamba alianza kuelewa alipolazimika kutafsiri. Alitenganisha mtuhumiwa, ambaye ni mtu anayeshukiwa tu, na mshtakiwa, ambaye ni mtu aliyefikishwa mbele ya hakimu akasomewa shtaka. Akatenganisha wote wawili na mkosaji, ambaye hatia yake imethibitika. "Sisi shuleni," alisema, "tuna neno moja kwa wote watatu. Tunasema mwizi."

Tulipotazama zaidi tulikuta humo muhtasari wa kanuni za ushahidi katika mahakama za mwanzo, zilizotungwa mwaka 1964. Ni kanuni fupi, zilizokusudiwa kutumiwa na mahakimu ambao wakati huo wengi wao hawakuwa wanasheria, na kwa sababu hiyo zamfaa sana mwalimu. Katika shauri la jinai, anayelalamika ndiye anayepaswa kuthibitisha, na mahakama haina budi kuwa na hakika kwamba mshtakiwa ndiye aliyetenda kosa. Pakiwa na shaka ya maana, mshtakiwa huachiliwa. Haki ya kusikilizwa, na ile ya kutotendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, zimo pia katika Ibara ya 13 ya Katiba, katika sehemu ya haki za binadamu iliyoingizwa mwaka 1984.

Tulilinganisha kanuni hizo na asubuhi yetu ya Oktoba. Sisi tulikuwa mlalamikaji, maana korosho ni za shule. Tulikuwa polisi, maana tulimkamata sisi. Tulikuwa shahidi wa madoa, mwendesha mashtaka, hakimu, na hatimaye mchapaji. Wahenga walicheka kuhusu kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Nasi hatukuipeleka hata kwa nyani, tuliimaliza wenyewe mstarini.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hawalijui, na wakilijua hushtuka. Kanuni ya Adhabu inasema kwamba mtoto aliye chini ya umri wa miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya jinai kwa tendo lolote. Aliye chini ya miaka 12 naye hana hatia isipokuwa ithibitike kwamba wakati wa tendo alikuwa na uwezo wa kujua kuwa halimpasi kulitenda. Kwa hiyo darasa zima la pili, na aghalabu la tatu, hamna mhalifu hata mmoja mbele ya sheria za nchi. Ndani ya darasa hilo hilo mna watoto wanaoitwa "mwizi" na mwalimu wao mara tatu kwa juma, kwa sababu ya penseli. Hatusemi kwamba mtoto wa miaka 8 aachwe bila kurekebishwa. Twasema kwamba kumrekebisha ni kazi moja, na kumpa jina la mhalifu ni kazi nyingine ambayo hata hakimu haruhusiwi kuifanya.

Labda mwanachuo atasema: basi wote tupelekwe Lushoto. La. Kwenda huko peke yake hakuleti mabadiliko haya, na mfano wa Marekani watuonyesha. Katika nchi hiyo kuna vyuo vya jamii vinavyotoa shahada ndogo ya miaka miwili, na haki jinai imekuwa mojawapo ya masomo yanayopendwa humo. Masomo hayo yalienea hasa baada ya mwaka 1968, serikali kuu ilipoanza kuwalipia polisi na wafanyakazi wengine wa aina hiyo gharama za chuo kwa mikopo na ruzuku. Askari walimaliza zamu wakaingia darasani. Vyuo vilifungua kozi upesi upesi ili kuwapokea, na mwaka 1978 tume ya taifa ya elimu ya juu ya polisi, ambayo taarifa yake iliandikwa na Lawrence Sherman, ilizikosoa kozi hizo vikali. Ilisema kwamba nyingi zilikuwa finyu, zikifundisha taratibu za kazi ambazo askari angeweza kuzipata katika shule ya polisi, badala ya elimu pana ya kumfikirisha juu ya kazi yake. Mtu alitoka na cheti, na namna yake ya kutazama mtu aliyemkamata haikubadilika.

Twaogopa jambo lile lile kwa walimu. Anayesoma vifungu apate kuwatisha wenzake katika kikao hakusoma haki. Tumemwona mwalimu wa namna hiyo: anajua kwa moyo kwamba kanuni za mwaka 2002 huruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kibali cha mwalimu mkuu, na viandikwe kitabuni. Huchapa vinne barabara na kuandika vizuri sana. Kisa chetu cha korosho kilitimiza masharti hayo yote.

Kwa maoni yetu kiini cha masomo ya haki jinai ni zoea moja la akili: kusimama pale ushahidi unapoishia. Nalo ndilo gumu kuliko yote kwa mwalimu. Kazi yetu imetuzoeza kuwa kila swali lina jibu, na jibu liko nyuma ya kitabu. Hesabu isiyo na jibu hatuifundishi. Mtoto akisema "sijui" tunamwambia akae chini. Tukikabiliwa na debe lililopotea, tunatafuta jibu kabla kengele haijalia, na tukilikosa tunalitengeneza.

Zoea hili laweza kufundishwa hapa hapa chuoni, na laweza kufundishwa kwa watoto katika somo la maadili au hata la Kiswahili. Njia ambayo wanachuo wengi huichagua ni mahakama ya kuigiza. Tunaipenda, lakini tuseme ukweli: mara nyingi huharibika. Katika mazoezi ya kufundisha tumekaa nyuma ya darasa tukaona polisi wa darasa la sita akimburuta mshtakiwa kwa mkanda, hakimu akagonga meza kwa kiatu, na kabla shahidi wa pili hajaitwa, mshtakiwa akafungwa miaka thelathini huku darasa zima likishangilia. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha aliandika katika tathmini yake kwamba wanafunzi walishiriki kikamilifu. Walishiriki, ndiyo, na walichojifunza ni kushangilia.

Mwanachuo mwingine, katika shule nyingine, hakuleta mkanda wala rungu. Alisimulia shauri fupi kutoka katika maisha ya watoto wenyewe. Stoo ya shule imekutwa wazi asubuhi na korosho zimepungua. Shahidi wa kwanza anasema alimwona mvulana fulani akipita karibu na stoo jioni. Wa pili ni mwenye duka: anasema asubuhi ile mvulana huyo alimwuzia kilo mbili za korosho. Wa tatu ni bibi wa mvulana: anasema mjukuu wake amekuwa akiokoteza korosho katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa tangu mwisho wa juma. Mwanachuo akaliuliza darasa: ameiba, hakuiba? Mikono karibu yote ilisema ameiba.

Hapo akaandika ubaoni swali moja, akawataka walijaribu kwa kila shahidi: "Je, maneno haya yangeweza kuwa kweli hata kama mvulana huyu hakuiba?" Walianza na wa kwanza. Njia ya kwenda kisimani inapita karibu na stoo, akasema mmoja. Wakaja kwa mwenye duka. Mtoto mwingine akasema kwamba yeye mwenyewe ameuza korosho za kuokoteza. Wakaja kwa bibi, wakabishana kama bibi aweza kumsema vibaya mjukuu wake. Polepole mikono ikashuka. Msichana mmoja wa safu ya mbele akasimama akauliza: "Sasa mwalimu, mwizi ni nani?" Mwanachuo alitutazama kule nyuma, nasi tukainama kwenye karatasi zetu ili tusimsaidie. Aligeuka akaandika ubaoni: haijathibitika. Watoto hawakufurahi. Walitoka kwenda mapumziko wakiendelea kubishana juu ya nani alikuwa na ufunguo, na hilo ni swali ambalo hata sisi hatukulifikiria.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni geni kwa watu wa huku. Mwezi wa Novemba mwaka 2018 Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi katika kazi hiyo. Malipo yalitanguliwa na uhakiki, ili wafanyabiashara wa kangomba, wanaonunua korosho za maskini kwa kipimo kabla ya msimu, wasilipwe kama wakulima. Kwa hiyo wako wazazi walioulizwa: shamba lako liko wapi, na nani anakujua? Nia ilieleweka. Lakini mkulima wa haki aliyesimama mbele ya maofisa akitafuta jirani wa kumshuhudia alijua siku hiyo jinsi ilivyo kazi kuthibitisha kwamba hukuiba. Watoto waliokuwa nyumbani wakati ule waliyasikia mazungumzo hayo. Mwalimu anayetaka mfano wa maana ya mzigo wa kuthibitisha hana haja ya kuuagiza mbali.

Tunajua pingamizi litakaloletwa. Darasa lina watoto tisini. Mwalimu ni mmoja. Shule si mahakama. Ni kweli, wala hatutaki kila kifutio kilichopotea kiitiwe mashahidi watatu. Mengi ya watoto humalizwa kwa "rudisheni kabla ya saa nne" na hayahitaji mshtakiwa. Mpaka wetu ni huu: mwalimu akitaka kumpa mtoto adhabu au jina, hapo amewajibika kumwuliza kwanza, kusikiliza jibu mpaka mwisho, na kumwita mtu mwingine asiye mlalamikaji asikilize pamoja naye. Kwa miongo mingi hakimu wa mahakama ya mwanzo aliketi pamoja na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Mwalimu wa zamu hawezi kukosa mwenzake mmoja wa kuketi naye kwa dakika kumi. Muda huo ni mfupi kuliko ule tulioutumia kuwapanga watoto mstarini.

Kwa yule mwanachuo aliyeuliza kwa sauti ya chini, jibu letu ni kwamba aende akiweza, wala asione aibu. Atakuta kazi nzito na Kiingereza kigumu, na huenda asirudi darasani; nchi inahitaji makarani wa mahakama na waendesha mashtaka waliowahi kukaa na watoto. Tunachomwomba ni kwamba daftari lake la safu mbili alianze kabla ya kuondoka, akiwa bado mwalimu wa zamu.

Na kwa wote wanaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha muhula ujao, katika shule za Nachingwea na Ruangwa, tuna ombi moja la kikazi. Mwombeni mwalimu mkuu, kwa adabu, awaonyeshe kitabu cha adhabu. Msinakili jina la mtoto yeyote. Hesabuni tu ni mara ngapi neno "wizi" limeandikwa, na tazameni kama kuna safu, au hata nafasi pembeni ya ukurasa, ambapo mtoto aliyeonewa anaweza kuandikwa kwamba hakuiba. Mkirudi tutazungumza juu ya namna ya kuichora.